Jina la Mgongoni

Ganzi ilikuwa imempanda Nyanjige, pale alipopiga magoti, kutoka vidole vya miguu mpaka magotini, na bado mzee ambaye yeye alikuja kumwomba radhi hakuwa amegeuza uso. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na zizi, mgongo umewaelekea wageni, anatazama ng'ombe wake kana kwamba nyuma yake hakuna mtu. Nyanjige akawa anausemesha ule mgongo moyoni. Geuka, baba. Geuka unione nilivyo. Mdomoni hakutoa neno, maana mdomo ndio uliomleta hapo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kijijini Migato, mwezi wa saba, pamba imeshavunwa na mabua bado yamesimama mashambani. Walikuja wawili tu, yeye na senge Domitila, dada wa baba yake. Baba mwenyewe alikataa kuja. Alisema binti aliyejiingiza midomoni mwa watu kwa sauti yake, ajitoe kwa sauti yake. Kwa hiyo senge ndiye aliyetafuta kondoo wa kuombea msamaha, senge ndiye aliyekodi toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na njia nzima kutoka Bariadi alikaa nyuma kwenye bodi amemkumbatia kondoo kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Hata Nyanjige, pamoja na yote aliyokuwa nayo moyoni, alicheka mara moja pale kondoo alipokojolea kitenge cha senge. Kicheko chenyewe kilimtoka na machozi.

Sasa hapakuwa na wa kucheka. Kati yao na ule mgongo alikaa Bujiku, mdogo wake mzee, mwembamba, mwenye maneno mengi, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kusema kwa niaba. Mlangoni mwa nyumba kubwa alisimama mama Jilala, mikono kifuani. Na kwenye kona ya ukuta, nusu kivulini nusu juani, alisimama Jilala mwenyewe.

Nyanjige hakuthubutu kumtazama sawasawa. Alimwona kwa pembe ya jicho, shati lake la bluu, mikono yake mirefu isiyojua pa kukaa. Kila Jumamosi alikuwa anamsoma mtu huyu kutoka mbali, anajua atageukia upande gani kabla hajageuka. Leo alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake na hakujua chochote.

Kosa lenyewe mtu wa mbali angeliona dogo.

Nyanjige ni mtangazaji wa mpira wa Lwimbo FM, kituo kidogo cha redio pale Bariadi mjini. Mwanzoni alikuwa anasoma matangazo ya misiba na ya ng'ombe waliopotea. Joakim, aliyekuwa anatangaza michezo, alipopata kazi Mwanza, meneja wa kituo, Fredrick, alimpa Nyanjige kipaza sauti kwa mchezo mmoja tu wakati anatafuta mwanaume. Mwanaume hakupatikana, na mchezo mmoja ukawa misimu miwili. Simu zilizoingia siku zile za mwanzo anazikumbuka mpaka leo. Mmoja aliuliza kama wanaume wa Bariadi wamekwisha. Mwingine alisema sauti ile ni ya kuuzia dagaa. Wa tatu, fundi baiskeli wa Dutwa, alimtaka aeleze ofsaidi ni nini kama kweli anajua, na Nyanjige akamweleza hewani, polepole, beki wa mwisho yuko wapi na mpira unatoka mguuni saa ngapi, mpaka yule fundi akasema basi dada, nimekuelewa, na tangu siku hiyo hakukosa kupiga simu, ila sasa kwa kusifia. Pamoja na hayo, akipita sokoni wanaume walimwita refa, na walipenda kumuuliza ataolewa na nani, na goli au na kibendera.

Jilala hakumuuliza hivyo. Alikuwa mshambuliaji wa Ntuzu Stars, na siku ya kwanza alipoletwa studio kuhojiwa alijibu kwa neno moja moja mpaka kipindi kikaisha, halafu akamfuata mlangoni.

"Juzi ulisema nachelewa kuachia mpira," alimwambia. "Nilikasirika sana. Halafu nikafikiria, nikaona ni kweli."

Kuna waliowahi kumwambia Nyanjige ni mzuri, wapo waliomwambia ana sauti tamu. Kwamba amesema kweli, hakuna mwanaume aliyewahi kumwambia. Mapenzi yao yalianzia kwenye kizingiti kile, yakakua kwa mwaka mzima, yakafika mpaka kwa wazee. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Ndoa ilikuwa ifungwe mwezi wa tisa.

Tangu posa ipokelewe, kuna jina moja ambalo Nyanjige hakutakiwa kulitamka tena. Kwa watu wa Migato mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, hata kama anaita mtu mwingine mwenye jina hilo. Mama Jilala alikuwa amekaa na desturi hiyo tangu alipoolewa. Jina la mzee linafanana na neno la Kisukuma la mbuyu, na kwa sababu hiyo mama yule hakuwahi kuuita mbuyu kwa jina lake. Aliuita mti ule mnene, na watoto wake wote walikua wakiuita hivyo hivyo.

Nyanjige alilijua hilo. Uwanjani alimwita Jilala kwa jina lake la kwanza na hakuna aliyelalamika. Lakini Jumamosi iliyopita timu ya Malampaka ilipokuja Bariadi, ilikuja na beki ambaye naye anaitwa Jilala. Fredrick akaona wasikilizaji watapotea. Akaandika orodha kwa mkono wake, kila mchezaji kwa jina lililochapwa mgongoni mwa jezi, akaiweka mbele ya Nyanjige dakika mbili kabla ya filimbi. Namba tisa wa Ntuzu Stars, mgongoni mwake, alikuwa Mwandu.

Ndiyo, jina la baba yake. Mchezaji yeyote anaandikwa la baba yake.

Mpira ukianza, Nyanjige hana masikio ya kujisikiliza. Macho yanaona, mdomo unasema. Mwandu amepokea, Mwandu anapigwa tobo, Mwandu amekaa chini. Mwandu ameachwa na mpira wake mwenyewe. Na dakika ya themanini, goli likiwa tupu, Mwandu amepaisha, jamani Mwandu, Mwandu amekosa bao la wazi.

Kule Migato mzee alikuwa ametundika redio kwenye nguzo ya zizi na kuwaita wenzake wasikilize mtoto wake anavyocheza. Walisikia mkwe wake akimtaja, akimkalisha chini, akimcheka, tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja akakumbuka ana safari. Na kwenye mnada wa Dutwa wiki hiyo, mtu alimsalimia mzee Mwandu mwangaluka, kisha akamuuliza kama ameshanyanyuka pale alipokalishwa.

Nyanjige alikuja kuliona kosa lake siku ya pili, Jilala alipompigia simu na kushindwa kuongea. Alisikia tu akihema. Hapo ndipo jina likamrudia masikioni, mara moja baada ya nyingine, na alikaa chini kwenye sakafu ya studio mpaka Fredrick akadhani ameugua.

Bujiku alikohoa. Alisema familia imemwona kondoo. Imemwona na senge, mtu mzima, ambaye ametoka mbali na amefika amelowa kwa ajili ya mtoto wa kaka yake.

"Aliyenilowesha ni kondoo wenu, ngosha," senge Domitila alijibu bila kuinua macho. "Tangu tumeshuka ni wenu."

Mama Jilala alificha mdomo kwa kiganja. Bujiku naye alitaka kucheka, akajizuia, akamgeukia Nyanjige.

"Ulilitaja mara ngapi?"

"Sikuhesabu, baba."

"Watu wamehesabu."

Nyanjige aliinama mpaka paji la uso likakaribia vumbi. Alisema hakuwa na dharau. Alisema kazi ilimchukua akili, kwamba aliona jina kwenye karatasi na hakumwona mtu, na kwamba kama ulimi ungekuwa kitu cha kukata na kuendelea kuishi, angeukata. Sauti yake, ile ile ambayo watu walikuwa wanawasha redio kuisikia, ilikatika katikati. Alilia pale pale, mbele ya ng'ombe na watu, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka. Mama Jilala akajua anachotaka. Alileta maji kwenye kibuyu, mzee akayatia mdomoni, akayapuliza mbele yake kama mvuke. Senge Domitila alishusha pumzi na kumbana Nyanjige goti. Wamesamehe, alimnong'oneza. Wamesamehe, mwanangu.

Furaha ilimpanda Nyanjige ghafla mpaka akasahau adabu na kumtazama Jilala waziwazi. Alitegemea kuona anatabasamu. Jilala alikuwa anatazama chini, anachora vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Liko neno moja limebaki," Bujiku alisema. "La jina limekwisha, hilo tumelizika. Sasa kuna la redio. Mke wa mji huu hawezi kuwa mtu wa kupiga kelele uwanjani na wanaume, sauti yake inaingia kila kilabu cha pombe kabla mume hajaisikia ndani kwake. Kesho kuna mchezo, si ndiyo? Huendi. Mpigie huyo bosi wako sasa hivi, umwambie umeacha. Hapa hapa tusikie."

Nyanjige alimsikia kila neno na bado alihisi kama hajaelewa. Alisema atamwita namba tisa. Atamwita mshambuliaji, atamwita mrefu wetu, atatafuta namna na jina halitatoka tena kinywani mwake mpaka anaingia kaburini.

"Kukwepa neno inawezekana," mama Jilala alisema kutoka mlangoni, taratibu. "Mimi nimekwepa miaka thelathini na mbili. Na huyu ataweza."

"Mama Jilala, hatuongelei neno tena," Bujiku alimjibu. "Tunaongelea kazi."

Mama yule akarudisha mikono kifuani, kama mtu aliyezoea kuishia hapo.

Senge Domitila ndiye aliyeomba vijana waachwe waongee wenyewe kidogo. Bujiku alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawakosi cha kuongea, lakini ule mgongo haukukataa, wakaenda nyuma ya nyumba, penye magunia ya pamba yaliyopangwa mpaka usawa wa dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi walisimama karibu. Jilala alikuwa amekonda usoni. Nyanjige alitaka kumgusa shavu, mkono ukafika nusu ukarudi.

"Sema kitu," alimwambia.

"Acha mwaka mmoja tu," Jilala alisema. "Mzee akishakuzoea, nitamwingia polepole. Namjua."

"Utamwingia lini? Nimepiga magoti pale asubuhi yote na wewe unachora chini."

"Nilishaongea naye."

"Ulimwambia nini?"

Jilala alivuta uzi wa pamba uliotoka kwenye tundu la gunia. Uzi ukawa mrefu, akauzungusha kidoleni.

"Nilimwambia utaacha."

"Leo?"

"Siyo leo."

"Jilala."

"Kabla ya posa," alisema. "Alikataa posa isiende. Alisema hawezi kupokea mke anayepayuka redioni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tukioana utaacha. Ndiyo akakubali."

Nyanjige alishika gunia. Siku zile zote, siku ya posa alipovaa gauni la njano na wanawake wakapiga vigelegele, siku Jilala alipomshika mkono nje ya studio na kumwambia sasa wewe ni wa kwetu, siku zile zote kazi yake ilikuwa imeshaachishwa na mtu mwingine, na yeye peke yake hakuwa ameambiwa.

"Kwa hiyo hata nisingelitaja jina," alisema.

"Hata usingelitaja."

"Na nimekuja na kondoo."

Jilala aliukata ule uzi. Kisha maneno yakaanza kumtoka kwa haraka, kama yalikuwa yamefungiwa. Alisema Nyanjige hajui yeye anavyochekwa. Alisema kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake wanamuuliza nani kwenu anampigia mwenzake filimbi. Akikosea, kocha anamwambia hata mkeo amekuona. Alisema alivumilia yote mpaka siku ya Malampaka.

"Lile bao," alisema, na sauti ikashuka. "Usingeweza kusema kipa ameokoa?"

"Kipa alikuwa amelala upande mwingine."

"Najua alikolala, mimi nilikuwepo. Nakuuliza kama usingeweza."

Nyanjige alifikiria. Hakutaka kumjibu kwa hasira. Alikumbuka ile nukta, mpira ukiruka juu ya mwamba wa goli, jinsi moyo wake ulivyomuuma kabla hajasema, jinsi neno jingine, laini, lilivyokuja mpaka kwenye meno.

"Nilitaka," alisema. "Lilifika mdomoni. Lakini mtu aliyekaa Malampaka penye reli haoni. Anachokiona ni kile ninachomwambia. Nikimwambia kipa ameokoa, basi nimemdanganya macho."

"Na mimi ni nani wako?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nilisema kweli."

Walitazamana. Macho ya Jilala yalijaa, na hakuyafuta. Alimshika mikono yote miwili, akaivuta kifuani kwake, na Nyanjige alisikia moyo wake unavyopiga kwa nguvu kama wa mtu aliyekimbia uwanja mzima.

"Nakupenda, Nyanjige. Nakupenda mpaka sijui nifanye nini."

Alimwamini, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Angekuwa anadanganya, ingekuwa rahisi, angetoa mikono yake na kuondoka zake. Alisogea akaegemeza kichwa kwenye lile shati la bluu, akanusa sabuni na jasho, na akaanza kuomba kama hajawahi kuomba mtu.

"Basi twende pale umwambie neno moja. Moja tu, hata kwa kunong'ona. Sema huyu ataendelea na kazi yake. Mengine yote nitabeba mimi. Nitalima, nitachunga, nitampigia magoti baba yako kila asubuhi mpaka yaote sugu. Wakinicheka nitachekwa mimi. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote, Jilala. Neno moja."

Jilala alitazama juu ya kichwa chake, upande wa zizi. Nyanjige alihisi mikono ile ikilegea kabla hajasikia jibu.

"Siwezi kumgeuka baba," alisema.

Bujiku alikuwa anaita. Walirudi, Jilala mbele, yeye nyuma. Nyanjige alikuwa bado anashuka kwenye magoti yake Jilala aliposema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Amekubali, baba. Ataacha."

Hapo mzee akageuka. Aligeuka na kigoda chake, mwili mzima, akamtazama Nyanjige kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alikuwa na macho ya Jilala yale yale, makubwa, yenye usingizi kidogo. Hayakuwa na ukali. Yalikuwa yanangoja tu, na Nyanjige alijua kwamba akiinamisha kichwa kidogo, kiasi cha kidole, atakuwa mke wa Jilala, ataamka karibu naye kila siku, na watu hawa watampenda kwa namna yao. Shingo yake ilikuwa imeshaanza kuinama. Senge Domitila alikuwa ameshamwekea simu mkononi, jina la Fredrick liko juu ya kioo.

Aliitazama simu. Alimtazama mama Jilala, mikono ile kifuani. Akamtazama Jilala mwisho, akimpa nafasi, akihesabu pumzi tano, sita, saba. Jilala aliangalia pembeni.

"Sijakubali, baba," Nyanjige alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. "Samahani, baba. Yeye amesema. Mimi sijasema. Sitaacha."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alimtazama kidogo tena, kama mtu anayetazama mnyama mzuri wa zizi la jirani, kisha akageuza kigoda na kuwarudishia mgongo. Bujiku alitikisa kichwa. Safari hii hakutafuta utani.

"Basi litaje," alimwambia. "Kuanzia leo litaje upendavyo, redioni, sokoni, popote. Hapa huna mkwe."

Nyanjige alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa ruhusa hakuwa amejiandaa. Iliingia mwilini kama maji ya baridi, na ilibidi senge amshike chini ya kwapa ili asimame. Mama Jilala aliwafuata hatua chache. Alimshika Nyanjige kiwiko, akakibonyeza mara moja kwa nguvu, akarudi mlangoni kwake.

Walipanda toyo. Senge alikaa kwenye bodi ameelekea nyuma walikotoka. Nyanjige alikaa ameelekea mbele, mgongo kwa mgongo naye, mikono imeshika chuma. Alijua akigeuka atashuka, na akishuka atapiga magoti, na akipiga magoti safari hii atainamisha kichwa. Dereva akawasha. Vumbi likainuka.

"Senge," alisema. "Yuko wapi?"

"Hapo kwenye mlango wa ua."

"Anafanya nini?"

"Kasimama."

Toyo iliingia kwenye shimo, ikatoka. Walipita shamba la mabua, wakapita shamba jingine.

"Sasa je?"

"Kasimama, mwanangu."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Kasimama."

Nyanjige alifunga macho. Alijaribu kumwona kwa maneno ya senge, kama wasikilizaji wake walivyokuwa wanamwona kwa maneno yake, lakini maneno yalikuwa machache mno. Njia ilianza kupinda. Alijua mbele kidogo kuna miti, na baada ya miti mji ule hauonekani tena.

"Senge?"

Mgongo wa senge Domitila ulitikisika.

"Anakuja," alisema. "Anakuja, ng'wanone, mwanangu. Anakimbia."

Nyanjige aligonga bodi kwa mikono yote miwili, akamwambia dereva asimame, simama baba, tafadhali simama, na toyo ilikuwa bado inasogea aliporuka chini. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Alisimama katikati ya barabara akiangalia nyuma, mikono ameshaifungua kidogo bila kujua, akingoja vumbi litulie.

Vumbi lilitulia polepole. Njia ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu mpaka mwisho wake, mpaka kwenye ua, na pale kwenye ua mtu mwenye shati la bluu alikuwa anaburuta matawi ya miiba kufunga mlango. Hakuwa na haraka. Aliweka tawi la kwanza, akaweka la pili, akalikanyaga likae vizuri. Kisha akaingia ndani.

Dereva aliuliza kama wanaenda au wanabaki. Nyanjige aliokota kiatu chake, akakivaa, akasimama mbele ya senge.

"Kwa nini ulisema anakuja?"

"Nilitaka usikie hivyo," senge Domitila alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Hata kwa hatua mbili tatu tu. Nilitaka usikie hivyo, mwanangu."

Nyanjige hakumlaumu. Alimfuta senge uso kwa pembe ya kanga, akapanda tena kwenye bodi. Safari hii alikaa ameelekea nyuma, bega kwa bega na senge, akaangalia mwenyewe mpaka miti ikaufunika ule ua na Migato ikaisha machoni.